Uzito wa Mapacha

Mume wangu alikuwa dereva wa katapila kwenye mradi wa karanga wa Nachingwea. Tulikuwa hatujamaliza hata mwaka mmoja wa ndoa aliponiita nimfuate, nami nikatoka kwetu upande wa Masasi na sanduku la bati, mkeka na kuku wawili, ambao mmoja alikufa njiani kwa joto la lori. Nilikuwa nimesoma shule ya misheni hadi darasa la sita. Kwa mtoto wa kike wa siku zile halikuwa jambo dogo, lakini sikuwa na nia ya kulifanyia chochote. Nilikwenda kuwa mke.

Kazi yao ilikuwa kufyeka pori. Katapila mbili zilifungwa mnyororo mmoja mnene, zikaenda sambamba, na miti yote iliyokuwa katikati ikalala. Jioni mume wangu alirudi mwekundu kwa vumbi kuanzia nywele hadi kucha, masikio yamemziba kwa mngurumo, kwa hiyo alisema nami kwa sauti ya juu hata tulipokuwa wawili tu chumbani. Majirani walidhani tunagombana. Mimi niliipenda ile sauti. Laini yetu ilikuwa na nyumba ishirini za bati, kumi huku na kumi kule, zikitazamana, na ndani yake walikaa Wamakonde, Wangoni, Wayao, Wahehe. Jioni ukipita katikati ulinusa mboga za makabila yote kwa mara moja.

Nilipata kazi hospitali ya kambi. Mwanzo nilifua mashuka. Baadaye Sista, Mwingereza mmoja mrefu aliyesimamia wodi ya wazazi, aligundua kwamba najua kusoma na kugawanya, akanitoa kwenye mabeseni ya sabuni akanipeleka kwenye mizani. Kazi yangu ikawa kuwapima watoto wachanga. Nilimlaza mtoto kwenye beseni upande mmoja, nikapanga mawe ya chuma upande wa pili mpaka pande zote mbili zilingane, kisha nikasoma ratili ngapi na wakia ngapi. Ratili moja, karibu nusu kilo ya siku hizi, ni wakia kumi na sita. Hilo nililijua tangu shuleni.

Nisilolijua ni namna ya kusoma kupungua. Sista alinieleza kwamba karibu kila mtoto hupungua siku zake za mwanzo duniani, na si jambo la kuogopa. Lakini usiulize kapungua wakia ngapi, akasema, uliza kapungua ngapi katika kila mia ya alizozaliwa nazo. Siku hizo tulisema "kwa mia" tu. Neno asilimia nilikuja kulisikia kwa walimu baadaye. Hesabu yenyewe ilikuwa fupi. Toa uzito mdogo kwenye mkubwa upate tofauti, igawe tofauti kwa uzito wa kwanza, kisha zidisha kwa mia. Mwanzoni nilikuwa nagawa kwa uzito mpya, kwa sababu ndio uliokuwa mbele ya macho yangu pale kwenye mizani. Sista alinirudisha kila mara, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza.

"Gawa kwa alikotoka," aliniambia. "Si kwa alikofika."

Mtoto aliyepungua chini ya kumi kwa mia tulimwacha na mama yake, tukawa tunamwangalia kwa mbali. Aliyezidi hapo hatukumwacha.

Karanga hazikutoka kama wakubwa walivyotarajia. Sisi wa laini hatukuambiwa kitu. Tuliona tu watu wakifunga mizigo. Zilihamwa nyumba tano kwanza. Nilikuwa na sleti yangu, kile kibao cha kuandikia kwa chaki, na hesabu ile ilikuwa bado mpya kichwani, nikaijaribu: tano katika ishirini, ishirini na tano kwa mia. Nikasema moyoni si nyingi. Baada ya mvua zikahamwa tano nyingine. Idadi ni ile ile, lakini sasa tulikuwa tunatoka kumi na tano, ikawa thelathini na tatu kwa mia. Mara ya tatu zikaondoka tano tena, na safari hiyo ilikuwa nusu ya zilizobaki. Nilikuwa nimejiuliza kwa nini nyumba tano za mwisho ziliniumiza kuliko tano za kwanza, nikaona sababu. Tuliobaki tulikuwa wachache, na kila aliyeondoka alikuwa sehemu kubwa ya sisi.

Nyumba yetu haikuwa katika zile zilizohamwa, lakini mume wangu hakubaki. Mashine zilikuwa zinapelekwa kwingine, akaambiwa azifuate, na wake zao wataitwa baadaye. Alinipungia mkono juu ya lori akasema kitu kwa ile sauti yake ya juu, na kwa mara ya kwanza sikumsikia, maana injini ilikuwa imeshawashwa. Dereva mmoja aliniletea salamu zake na khanga. Baada ya hapo, kimya. Niliwauliza madereva waliopita Nachingwea mpaka wakaanza kunikwepa.

Sista naye alipojiandaa kurudi kwao, aliniambia kwamba zahanati ya Ruangwa haina mwanamke wa kuwaangalia wazazi, na kama nikikubali atanisemea. Nilikubali. Ningeweza kurudi kwetu, lakini kurudi kwetu ilikuwa sawa na kutangaza kwamba nimeachwa, na hilo hata mimi sikuwa na hakika nalo.

Nilifika Ruangwa mwisho wa kiangazi, mikorosho ikiwa katika maua. Nilipewa chumba na uwanja mdogo nyuma ya zahanati. Mganga wa zahanati alikuwa mtu mwema, lakini alikuwa na mke na watoto, na siku nyingi alipanda baiskeli kwenda kuwaona wagonjwa wa Chunyu na Nambilanje. Mimi nilibaki na mizani. Wanawake wa pale walikuwa Wamwera, Waislamu, watu wa jembe na ufuta, wenye ndugu kila upande. Hawakunitendea ubaya wowote. Walinisalimu, wakaniuliza kwetu, wakaniuliza mume wangu yuko wapi, na nilipojibu yuko kazini waliitikia kwa heshima. Kisha waligeukiana wakaendelea na Kimwera chao, nami nikawa nasikia neno moja moja, kama mtu anayesikiliza mazungumzo ya chumba cha pili.

Ugali wa mtu mmoja ni mgumu kupika. Ama unazidi, ama unaungua. Nilianza kupika mara moja kwa siku, halafu nikawa nakula viporo, halafu muhogo mbichi na korosho. Jumapili nilisoma sala zangu mwenyewe kwa sauti, ili nisikie mtu akisema. Jioni nilikaa kizingitini nikitazama barabara ya kuelekea Nachingwea. Nilijua hakuna lori linalopita saa hizo, na bado nilikaa.

Mapacha walizaliwa mvua zilipoanza. Mama yao alikuwa msichana mwembamba, mkimya, ambaye aliletwa kwa machela na mama yake mzazi kwa sababu uchungu ulikuwa umekaa muda mrefu bila mtoto kutoka. Mumewe alikuwa Lindi, kwenye mkonge. Mganga na mimi tulimsaidia, akazaliwa mtoto wa kiume, mnene, akilia vizuri. Bibi yao alishaanza kushukuru nilipoona tumbo halijashuka. Wa pili alikuwa wa kike, mdogo mno, wa rangi ya kijivu. Nilimsugua kwa kitambaa mpaka akakohoa.

Niliwapima. Wa kiume alikuwa ratili sita, ndio wakia tisini na sita. Wa kike alikuwa ratili nne, wakia sitini na nne.

Niliwaomba wasiondoke upesi. Walilala kwenye kibanda cha wazazi pembeni ya zahanati, na baada ya siku chache niliwarudisha watoto kwenye mizani. Kila mmoja alikuwa amepungua wakia nane. Bibi alikuwa amesimama nyuma yangu. Kiswahili alikijua kidogo, cha sokoni, lakini mawe ya mizani aliyaelewa haraka, akaona kwamba kwa kila mtoto nimeondoa mawe yaliyo sawa. Akafurahi.

"Wamegawana," akasema. "Hakuna mkubwa, hakuna mdogo."

Nilifanya hesabu kwenye sleti. Nane katika tisini na sita ni nane na kidogo kwa mia. Nane katika sitini na nne ni kumi na mbili na nusu kwa mia. Huyu wa kiume alikuwa upande wa usalama; yule wa kike alikuwa amevuka. Nikamwambia bibi kwamba hawakugawana sawa hata kidogo, kwamba wa kike amepoteza zaidi. Akanitazama kama mtu anayedanganywa. Wakia nane ni wakia nane. Nilijaribu kumweleza mia ni nini na katika mia ni nini, na kadiri nilivyoeleza ndivyo Kiswahili changu kilivyozidi kuwa cha darasani, naye alizidi kuninunia.

Mama mtu, aliyekuwa amelala, ndiye aliyetufungulia. Alisema maneno machache kwa Kimwera, akionyesha pembeni walipoweka maji. Palikuwa na mtungi, na palikuwa na kibuyu kidogo cha kunywea. Bibi akavitazama. Nilielewa baadaye alichoambiwa: ukichota kata moja mtungini haionekani kama umechota, lakini kata hiyo hiyo ukiichota kwenye kibuyu, umekunywa karibu maji yote.  Bibi alimchukua yule wa kike, akamvua nguo zote, akamweka kifuani kwa binti yake ngozi kwa ngozi, akawafunga pamoja kwa khanga mbili, kisha akaniuliza tufanye nini zaidi.

Mtoto alikuwa hana nguvu ya kunyonya. Tulimkamulia maziwa ya mama yake kwenye kikombe tukampa kwa kijiko, tone baada ya tone, tukipokezana mimi na bibi. Wa kiume alinyonya mwenyewe na kulala. Haikupita wiki alikuwa amerudia uzito wake. Wa kike alikawia. Mama yake aliniuliza mbona amepungua upesi na kurudi hivi polepole, wakati wakia ni zile zile nane. Nikamwambia kwamba alipopungua alitoka kwenye sitini na nne, lakini anaporudi anatoka kwenye hamsini na sita. Nane katika hamsini na sita ni kumi na nne na zaidi kwa mia. Mtoto aliyekonda lazima apande zaidi ya alivyoshuka, ndipo afike palepale alipoanzia. Msichana yule alisikiliza akiwa amefumba macho.

"Basi ataenda polepole," akasema. "Mimi sina safari."

Alifika. Siku alipotimiza ratili zake nne, bibi alinishika mkono kwenye kifundo, akauzungushia vidole vyake kama anayepima kuni.

"Na wewe," akasema, "nani anakupima?"

 Jioni ile aliniletea ugali wa mtama na kisamvu, akakaa mpaka nikamaliza, na tangu siku hiyo mpaka walipoondoka nilikula pamoja nao kwenye kibanda, mkono wangu katika sahani moja na mikono yao. Niliongezeka. Sikujipima, lakini nguo ziliniambia.

Walikuwa wanakaa mwendo wa nusu siku, upande wa Chunyu. Kila mwezi ukiandama mama aliwaleta watoto kuwapima, mmoja mgongoni kwake, mmoja mgongoni kwa bibi. Wanawake wote walikuwa wameanza kumwita Mama Pacha. Nilizisubiri siku zile nikifagia uwanja tangu alfajiri. Mwezi wa nne kwa hesabu yangu, wa kiume alikuwa ratili kumi na mbili, na wa kike ratili nane. Niliwaambia wote wawili wameongezeka mia kwa mia, kila mmoja amekuwa mara mbili ya alivyozaliwa, na kwamba mbele ya hesabu sasa ndiyo wamelingana kweli. Mama Pacha alicheka, akauliza kama wa kike siku moja atamfikia kaka yake. Nilisema huenda. Siku ile tulichoma mahindi mabichi, tukala wote watatu.

Homa ilikuja katika mvua kubwa, na haikumchukua yule tuliyemwogopea. Ilimchukua wa kiume. Alikuwa amelala vizuri, akaamka usiku na moto, alfajiri akapata degedege, wakambeba wakaja naye mbio kwenye matope. Nilipotoka nje kuwapokea bibi alikuwa ameshafika uwanjani, naye hakuwa anakimbia tena. Mtoto alikuwa amefia njiani. Mganga alimwangalia, akamfunika. Wanaume wa pale walimzika kabla ya alasiri kwa sababu mvua ilikuwa inarudi. Mimi nilikaa na wanawake. Hawakunisemesha wala hawakunisogeza, na mtu mmoja aliniwekea kigoda nikalie. Mama yake hakulia. Alikuwa anamnyonyesha wa kike, na kila mara alimhamisha kutoka titi moja kwenda la pili kabla hajamaliza, kama aliyezoea kumwachia mwenzake.

Wanawake hawakujua waendelee kumwita Mama Pacha au waache. Wengi walianza kumwita "wewe" tu.

Sikutegemea aje mwezi ulipoandama, lakini alikuja, na bibi nyuma yake akiwa hana mzigo mgongoni. Nilimpima wa kike. Alikuwa ratili tisa. Nilisema ni vizuri, kutoka nane kwenda tisa ni kumi na mbili na nusu kwa mia. Mama akabaki amesimama mbele ya mizani. Nilifikiri anataka dawa ya kikohozi.

"Na yule mwingine," akaniuliza, "angekuwa ngapi?"

Nilimtazama bibi, naye akatazama chini. Nilisema pole. Akasema pole ameshapewa. Yeye anauliza ngapi. Dada yake kaongeza ratili moja, basi naye angekuwa kumi na tatu?

Ningesema ndiyo, na ingetosha. Lakini alikuwa amekaa na mimi siku zote zile kwenye kibanda, na alijua kwamba ratili moja ya mtoto mdogo si ratili moja ya mtoto mkubwa. Nilichukua sleti. Kumi na mbili na nusu kwa mia ya ratili kumi na mbili ni ratili moja na nusu. Nikamwambia angekuwa kumi na tatu na nusu. Akarudia maneno yale taratibu, kumi na tatu na nusu, akapanga mikono yake hewani kama anayempokea mtoto wa uzito huo, akaiona imefikia wapi. Kisha akamfunga wa kike mgongoni wakaenda zao.

Mwezi uliofuata aliuliza tena, nami nikamjibu tena. Wa kike alikuwa ratili tisa na wakia kumi na mbili. Ndugu yake, kwa mwendo ule ule, angekuwa ratili kumi na nne na wakia kumi. Sikujua kama natenda wema au ubaya. Sikuwa na mtu wa kumuuliza. Ninachojua ni kwamba baada ya wao kuondoka nilibaki mbele ya mizani nikapanga mawe ya ratili kumi na nne na wakia kumi kwenye sahani, upande wa pili beseni tupu likiwa juu. Nilikuwa nampenda yule mtoto. Katika mji ule hakukuwa na mtu ambaye ningeweza kumwambia hilo, maana si mtoto wangu wala wa ukoo wangu. Nikafikiria pia wale ambao mimi sikuwazaa, na mwanamume ambaye sikujua kama anaongezeka au anapungua, au kama yupo.

Mara ya tatu walikuja na mtoto mgonjwa. Wa kike alikuwa ameharisha siku kadhaa, macho yamezama. Mganga alimpa dawa, akaeleza namna ya kumnywesha maji yaliyochemshwa, yenye chumvi kidogo na sukari. Mimi nikampima. Alikuwa ratili nane na wakia kumi na tano. Amepungua wakia kumi na tatu. Nilizigawa kwa alikotoka, nikawaambia ni nane na theluthi kwa mia, kwamba si kidogo, lakini amewahi kushuka zaidi ya hapo na akapanda, na kwamba safari hii hawataondoka mpaka nimeridhika.

Mama akatikisa kichwa kukubali. Kisha akauliza swali lake, kwa sauti ile ile ya siku zote.

Nikachukua sleti. Niliandika uzito wa yule wa kiume, ratili kumi na nne na wakia kumi, nikaugeuza kuwa wakia, nikaanza kutafuta nane na theluthi kwa mia yake ili niitoe. Hapo nikaona ninachokifanya. Hesabu ilikuwa inaniambia nimkondeshe. Ilikuwa inataka na yeye aharishe, macho yake yazame, alie usiku, wakati alikuwa ameshatulia mahali ambapo hakuna homa wala tumbo. Chaki ilisimama. Mama aliona. Alikuwa anaifuata hesabu kwa macho kama kawaida yake, na nafikiri alifika pale nilipofika, ama kabla yangu.

"Na yeye amepungua?" akauliza.

Sikuweza kusema ndiyo. Sikuweza kusema hapana pia, maana miezi miwili yote nilikuwa nimemwambia kwamba mwendo wao ni mmoja.

Bibi, ambaye hakuwahi kutia neno katika jambo hili, alisogea akaitoa sleti mkononi mwangu, bila hasira. Aliifuta kwa kiganja chake.

"Yule hapungui," alimwambia binti yake, kwa Kiswahili, nadhani ili na mimi nisikie. "Hapungui, haongezeki. Mwache, mwanangu. Huyu ndiye anayepungua."

Akamwekea mtoto mikononi. Mama akakaa chini palepale, kwenye sakafu ya zahanati, akalia kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Alilia kwa muda mrefu. Wagonjwa waliokuwa nje walisimama mlangoni, bibi akawafukuza kwa mkono. Mimi nilikaa kando yake. Sikumgusa mwanzoni, kwa kuwa sikujua desturi yao ikoje, kisha nikamgusa, naye akaniegemea, yeye na mtoto wake, kwa uzito wao wote.

Walikaa kibandani mpaka wa kike alipopona. Tulimnywesha kwa kijiko kama zamani, kwa zamu. Mama hakuuliza tena. Siku ya kuondoka alinishukuru akaniita dada, wala si nesi kama alivyozoea, na nilipompima mtoto kwa mara ya mwisho hakutazama mawe. Alitazama uso wa mtoto.

Mumewe alirudi kutoka Lindi baada ya mavuno ya ufuta. Alikuwa na kifua, mkonge ulikuwa umemkataa, akataka walime kwa ndugu zake upande wa Matambarale. Mama alikuja kuniaga. Mtoto alikuwa anasimama kwa kushika vitu, akashika mguu wa mizani akautikisa, mawe yakalia. Aliniletea kapu la ming'oko, viazi vya porini vya kule kwetu kusini, mibichi, bado na udongo. Tuliahidiana kutembeleana, kama watu wanavyoahidiana. Sikumwona tena, ila mara mbili au tatu nilisikia habari zake kwa wapita njia, kwamba amezaa wengine, na kwamba yule wa kike ni mrefu.

Mimi niliendelea kukaa Ruangwa. Habari za mume wangu hazikuja, na kuna mwaka ambao niligundua kwamba nimeacha kuzisubiri, bila kujua niliacha lini. Watoto niliowapima walikuwa wengi. Hesabu nilizifanya kimoyomoyo, sikuhitaji tena sleti.

Bibi hakufuatana nao Matambarale. Alisema hawezi kuacha mikorosho yake, na hakuiacha. Jumapili moja, baada ya kumaliza sala zangu, nilifunga chumba nikashika njia ya Chunyu. Nilimkuta peke yake uwanjani, kunde zimemwagwa kwenye mkeka, anazipukusa. Alinitazama kidogo, akanisalimu kwa Kimwera, nami nikamwitikia kwa Kimwera kile nilichokuwa nacho, akatabasamu kwa jinsi nilivyoliharibu neno. Akasogea nipate nafasi. Akanipa ungo.

 Kunde zilikuwa nyingi, na jua lilikuwa bado juu.